Mikono Minane, Alisema Dosinda

Kwa miaka arobaini na mmoja Dosinda na mume wake Amaro walibishana juu ya jambo moja: vile vitu vinane vya pweza ni mikono au ni miguu. Dosinda alisema mikono. Amaro alisema miguu. Hakuna aliyerudi nyuma hata hatua moja, mpaka mwezi wa pili mwaka huu, hospitalini, siku ya Jumanne, Dosinda alipokubali kwamba ameshindwa. Tangu siku hiyo hajawa na amani.

Dosinda ni mpishi wa pweza, kama mama yake na bibi yake. Kwetu kazi hiyo ni ya wanawake. Wanaume hubeba mizigo, hufunga turubai, huwasha moto, na mwenye bahati hupewa mkasi. Amaro alipewa mkasi mwaka ule ule waliooana, na hakuuachia tena. Kila baada ya wiki mbili, siku ya gulio, utawakuta wamekaa mahali pale pale karibu na kisima cha mji: Dosinda amesimama mbele ya sufuria lake la shaba, uso mwekundu kwa mvuke, na Amaro ameketi kwenye kiti kifupi, mkasi mkononi, rundo la sahani za mbao pembeni. Mke anachemsha, mume anakata. Chumvi ya mawe kidogo, pilipili nyekundu ya unga kidogo, mafuta ya zeituni mpaka sahani ing'ae, haya, mwingine.

Ubishi wenyewe ulianzia kwenye kumtisha pweza. Kabla ya kumwacha ndani ya maji yanayochemka, mpishi humshika kichwa, akamtumbukiza na kumtoa, mara tatu. Sisi tunaita kumtisha. Usipomtisha ngozi yake huchubuka yote. Sasa anapotoka mara ya kwanza, ile minyiri yake minane iliyokuwa ikining'inia kama kamba hujikunja kwenda juu, yote kwa pamoja, na ndipo mmoja wao alipokuwa hawezi kunyamaza.

"Umeona?" Dosinda alikuwa akisema. "Amekunja mikono."

"Amenyanyua miguu. Wewe ukitiwa kwenye maji ya moto utanyanyua nini, mikono?"

"Mimi sitatiwa kwenye maji ya moto."

"Hilo kamuulize padri."

Wateja walicheka, wakachukua pande. Wapo waliokuja gulioni kwa ajili ya pweza, na nadhani wapo waliokuja kwa ajili ya ubishi tu, wakaishia kula. Eladio, yule aliyekuwa akigawa barua kabla hajastaafu, alikuwa upande wa miguu, na Amaro alimkatia vipande vinene. Herminia, jirani yao, alikuwa upande wa mikono kwa sababu hapendi wanaume washinde kitu chochote.

"Tangu lini mtu akatembea kwa mikono?" Amaro aliuliza.

"Tangu lini mtu akafungua kome kwa miguu?"

"Ulimwona wapi akifungua kome?"

Hapo Dosinda alikuwa akikoroga sufuria bila sababu. Hakuwa amemwona popote. Wala Amaro. Hebu fikiria: watu wawili wamepika pweza maisha yao yote, pengine maelfu na maelfu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona pweza aliye hai. Lakini kwetu si ajabu. Sisi tuko bara, nyuma ya milima, kwenye kabichi na mizabibu. Zamani pweza alitufikia mgongoni mwa nyumbu, mkavu kama ngozi ya kiatu. Siku hizi anakuja ndani ya lori la barafu, mgumu kama jiwe, amejikunja ndani ya katoni. Bahari iko mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, na Dosinda alikuwa hajawahi kuifikia. Siku za gulio alikuwa kazini, na siku zisizo za gulio alikuwa na kuku.

Sasa nirudi hospitalini, alikolazwa Amaro.

Binti yao Sabela alikuwa amekuja kutoka Uswisi, anakofanya kazi, akakaa siku nne. Alimwambia baba yake kwamba Pasaka wote watakuwa nyumbani. Daktari akaitikia kwa kichwa. Dosinda naye akasema ndiyo, Pasaka. Amaro alisikiliza yote hayo kama mtu anayesikiliza habari za hali ya hewa za nchi nyingine. Jumanne, Sabela akiwa ameshaondoka, walileta chakula cha mchana, na Amaro akakitazama.

"Supu ya samaki," alisema. Sauti yake ilikuwa imebaki nyembamba. "Nimeitafuta yote. Haina hata mguu mmoja wa pweza."

Ilikuwa zamu ya Dosinda kubisha. Alikuwa hajalala siku mbili, amekaa kwenye kiti cha plastiki, mgongo unamuuma, na alimtazama yule mwanamume aliyekuwa amekwisha kama kipande cha sabuni, akamwonea huruma. Akampitishia kiganja kwenye paji la uso.

"Haya, Amaro," akasema. "Ni miguu. Umeshinda wewe."

Amaro hakutabasamu.

"Kumbe hali ni mbaya kiasi hicho," akasema.

Dosinda alitaka kuyarudisha maneno yale palepale. Alifungua mdomo, halafu akaanza kunyoosha shuka. Amaro akageukia dirisha. Siku tatu zilizobaki aliomba maji, akashukuru, na mara moja akamwambia mahali lilipo jiwe la kunolea mkasi. Pweza hakumtaja tena. Ijumaa alfajiri akafariki.

Watu wote walimdanganya kwa maneno mazuri na hakuna lililomdhuru. Dosinda peke yake ndiye aliyemwambia ukweli, na aliufikisha kwa njia ya uongo. Hilo ndilo lililomkalia kooni.

Gulio la mwezi wa tatu alikwenda peke yake. Alikiweka kile kiti kifupi mahali pake kwa mazoea, halafu ikawa haya kukiondoa. Akachemsha, akatoa, akakata, akatia chumvi, akarudi kukoroga. Foleni ikawa ndefu.

"Jirani, ajiri mtu wa kukata," Herminia alimwambia.

"Nani?"

"Yeyote mwenye vidole."

"Na akikaa hapo atasema nini?"

"Kwani lazima aseme kitu?"

Dosinda akachukua mkasi, akaendelea kukata.

Eladio naye alijaribu, maskini, kwa nia njema kabisa. Alisimama mbele ya sufuria, akaegemea meza, akasema kwa sauti ili watu wasikie, "Dosinda, mimi nipe miguu miwili. Sitaki mikono." Watu wakangoja. Dosinda alikata, akatia chumvi, akatia tena chumvi, akasahau kama ametia, akatia mara ya tatu. Eladio aliila ile sahani yote bila kusema neno, akanywa mabakuli matatu ya divai, akaenda zake. Baada ya hapo hakuna aliyethubutu. Watu waliagiza kwa kuonyesha kidole.

Nyumbani kulikuwa kubaya zaidi. Alikuwa akiwasha televisheni kwa ajili ya sauti, anaisahau, anashtuka mtu akikohoa ndani yake. Alipika supu ya kabichi kwenye chungu cha watu wawili kwa sababu hakuwa na kidogo zaidi, akala ile ile siku tatu. Sabela alipiga simu kila Jumapili kuuliza kama amekula. Alikuwa amekula.

Kila Jumapili pia, baada ya misa, alikwenda makaburini. Makaburi yetu ni ya ukutani, vijumba juu ya vijumba, na Amaro yuko safu ya tatu. Kumfikia lazima upande ngazi, na ngazi ni moja kwa parokia nzima. Dosinda alipanda, akapangusa jiwe kwa leso, akabadilisha maua, na kila mara alikusudia kusema: nilikudanganya, ni mikono. Kila mara alikwama mahali pamoja. Je, kama Amaro alikuwa sahihi? Akilifuta neno lake bila kujua, si atakuwa ameongeza uongo mwingine juu ya ule wa kwanza? Huwezi kumdanganya mtu yule yule mara mbili, tena yuko ukutani, hawezi hata kukujibu. Akashuka kwenye ngazi bila kusema, Jumapili hata Jumapili, majira ya joto yakapita, zabibu zikavunwa.

Mwezi wa kumi, Fiz, dereva wa lile lori la barafu, alipokuwa akimshushia katoni mlangoni, Dosinda akamuuliza.

"Fiz, wewe umewahi kumwona akiwa hai?"

"Nani?"

"Huyu." Aligonga katoni.

"Mama, mimi ninatoka pwani. Shemeji yangu anawavua. Nimewaona mara nyingi kuliko nilivyomwona baba yangu."

"Basi niambie. Ni mikono au miguu?"

Fiz alijikuna shingo. Alikuwa akimfahamu Amaro, na alielewa kwamba haulizwi kwa mchezo.

"Sijui," akasema. "Sijawahi kumtazama hivyo."

"Miaka yote hiyo?"

"Na wewe je?"

Hapo alimpata. Halafu Fiz akasema Alhamisi anarudi kupakia, na kiti cha mbele kiko wazi, ila kina nywele za mbwa.

Alhamisi Dosinda alivaa koti la msibani, kwa sababu ndilo zuri, akapanda lori. Njiani hakuzungumza sana. Barabara iliposhuka mlima wa mwisho na bahari ikajitokeza yote kwa mara moja, Fiz alimtupia jicho aone atasemaje. Dosinda aliitazama, akatazama na upande wa pili, kama mtu anayetafuta inaishia wapi.

"Maji mengi," akasema. "Ingekuwa kazi kuyachemsha."

Shemeji wa Fiz, Lourenzo, alikuwa gatini, amevaa buti za mpira, anapanga mitego yake. Fiz akamweleza kwa mkato. Lourenzo hakucheka, jambo ambalo Dosinda alilithamini. Alimletea beseni la plastiki lenye maji ya bahari, akaliweka chini mbele yake.

Dosinda akainama. Mwanzoni hakuona kitu, mawe mawili tu na giza. Halafu jiwe moja likamfungulia jicho.

Alishtuka kuliko alivyotaka Fiz aone. Unajua, yeye pweza wake siku zote ni wa kuning'inia: kichwa juu mkononi mwake, minyiri chini, macho yamekufa. Huyu alikuwa amekaa. Amekaa kama mtu aliyekaa kwenye ngazi za nyumba yake, minyiri yake imemzunguka, na alikuwa akimtazama. Rangi ilipita juu ya ngozi yake kama uso wa mtu unavyobadilika anapokumbuka jambo.

"Amegeuka," Dosinda alisema. "Kichwa kiko vibaya."

"Kiko sawa, mama," alisema Lourenzo. "Ninyi bara ndio mnamshika vibaya."

Dosinda aliingiza mkono majini. Sijui kwa nini aliingiza, na nadhani hata yeye hakujua. Mnyiri mmoja ukanyooka polepole, ukagusa kidole chake, ukakiacha, ukarudi. Halafu ukazunguka kiganja, ukapanda mpaka kwenye kifundo, pale ilipo saa, na ukakaa hapo. Ulikuwa baridi. Vile vikombe vidogo vya chini ya mnyiri vilishika na kuachia, vikashika na kuachia, kimoja kimoja.

"Anakuonja," Lourenzo alisema. "Vile vikombe ndio ulimi wake. Anataka kujua wewe ni nani."

"Mwambie nimewapika ndugu zake miaka arobaini na mmoja."

"Nadhani ameshajua."

Fiz alicheka. Dosinda hakucheka. Alikuwa amepiga goti kwenye saruji na koti lake zuri, mkono ndani ya beseni, na alikuwa akifikiria kwamba tangu mwezi wa pili hakuna aliyemshika mkono. Wamemshika mabega, msibani. Wamembusu mashavu. Mkono, hapana.

"Ni mkono," alisema taratibu. "Nilijua. Huu ni mkono."

"Basi tumemaliza," alisema Fiz, akitazama saa. "Barafu inanisubiri."

Lourenzo alimwinua pweza, akamweka kwenye mizani, akatikisa kichwa. "Hajafika kilo. Huyu sheria inasema arudi." Akamlaza juu ya mteremko wa saruji unaoingia majini, hatua tano sita kutoka kwenye maji.

Na pweza akaondoka. Dosinda alisimama kumwangalia. Minyiri ya mbele ilitangulia kupapasa saruji, huku na huku, kama vipofu wanaotafuta mlango. Ya pembeni ilishika, ikavuta. Lakini nyuma, nyuma kabisa, kulikuwa na miwili ambayo haikupapasa wala haikushika chochote. Ilikuwa inasukuma. Mmoja, halafu mwingine. Mmoja, halafu mwingine. Ilikuwa inamtembeza kuteremka kwenda kwao bila haraka, kama mzee anayerudi nyumbani kutoka gulioni.

Maji yakamfunika.

"Lo," alisema Dosinda.

"Umeona nini?" Fiz akamuuliza.

"Umeiona ile miwili ya nyuma?"

"Sikuangalia."

"Huwa anafanya hivyo?" Dosinda alimgeukia Lourenzo. "Kila siku hiyo miwili ya nyuma?"

"Mama, mimi huwa ninaangalia uzito tu," Lourenzo alisema. "Lakini nimemwona anayeshika kwa ile ya nyuma pia. Anafanya anavyotaka. Nani wa kumkataza?"

Njia nzima ya kurudi Dosinda alikaa na mkono wake wa kulia juu ya paja, kiganja juu. Kwenye kifundo kulikuwa na alama za mviringo, nyekundu, safu mbili. Mpaka wanavuka mlima zilikuwa zimeshaanza kufifia, na alipofika nyumbani akawasha taa ya jikoni azitazame na hazikuwepo.

Sikukuu ya Watakatifu Wote kwetu hakuna anayebaki nyumbani. Makaburini kunajaa ndoo, brashi, maua ya manjano na watu wanaogombea ngazi. Dosinda alingoja zamu yake kama kila mtu. Nyuma yake alikuwa Eladio, ambaye mke wake yuko safu ya nne, na nyuma ya Eladio alikuwa Herminia na ndoo yake.

Alipanda. Akasugua jiwe, akaweka maua. Chini watu walikuwa wakizungumza habari za mavuno ya chestnati na bei ya gesi. Akasogeza uso karibu na jiwe, akashusha sauti.

"Amaro, lile neno nililolisema hospitalini, ninalifuta. Nilikuwa nimechoka, nikakuhurumia, na hukunituma nikuhurumie. Nisamehe kwa hilo. Nimekwenda mpaka baharini. Nimemwona, amenishika hapa. Ni mikono. Umenisikia? Ni mikono."

Akangoja. Alijua angesema nini. Alimsikia vizuri kabisa, na ile namna yake ya kuvuta pua kwanza: na kutembea je, alitembea kwa kitu gani, kwa kofia?

Dosinda alishika ngazi kwa mikono miwili. Angeweza kunyamaza. Amaro hakuwepo pale gatini, na Fiz hakuangalia. Nani angejua?

"Dosinda," Eladio aliita kutoka chini, kwa adabu. "Ngazi."

Alishuka vidato vitatu. Akasimama. Akapanda tena.

"Amesahau nini huko juu?" Herminia aliuliza.

"Mwache," alisema Eladio.

"Miwili ilikuwa inatembea," Dosinda aliliambia jiwe. "Ya nyuma. Nimeona kwa macho yangu, sikufichi. Lakini ni miwili tu, Amaro. Miwili kati ya minane. Na yule mvuvi anasema hata hiyo hushika ikitaka. Kwa hiyo usijisifu."

Akashuka, akamwachia Eladio ngazi, akaenda nyumbani kwake, akapika supu kwenye chungu cha watu wawili.

Gulio lililofuata lilikuwa la baridi kali, mvuke wa sufuria ulisimama kama nguzo. Kiti kifupi kilikuwa mahali pake, mkasi juu yake, umenolewa. Watu walipanga foleni, vidole tayari. Dosinda alimshika pweza wa kwanza kichwa, akamtumbukiza, akamtoa, na minyiri minane ikajikunja kwenda juu.

"Umeona?" alisema kwa sauti, mbele ya watu wote. "Amekunja mikono."

Vidole vikabaki hewani. Eladio, aliyekuwa wa pili, alifungua mdomo. Halafu akamwona Dosinda anavyokitazama kile kiti, hakuwa anaitazama foleni hata kidogo, akaufunga.

Dosinda aliinamisha kichwa kidogo, akasikiliza, kiasi kile kile cha muda ambacho Amaro alikuwa akikihitaji kuvuta pua na kujibu. Midomo yake ilitikisika mara moja, kama mtu anayezuia kicheko.

"Miwili tu," alisema, na akamtumbukiza pweza mara ya pili.